Watu wa Tanga tunatumia programu huria za usalama kila siku, mbona hakuna anayechangia?

#1 Mgosi_wa_Makorora

Wakuu salaam.

Kazi yangu ni kufunga na kutunza mitandao, kuanzia ofisi za mawakala wa forodha karibu na bandari hadi shule za Muheza na Korogwe. Kila ninapoingia nakuta vitu vilevile. Faiawoli, ukuta wa kulinda mtandao, ni OPNsense. Fundi ana Nmap ya kukagua vifaa vya mtandao na Wireshark ya kuchungulia data inayopita, zote kwenye laptopu. Mkaguzi akitumwa kutoka Dar anafungua Kali, mfumo endeshi wa wapima usalama. Mhasibu katunza nywila zake kwenye KeePass. Barua pepe zinachujwa virusi na ClamAV. Hakuna hata kimoja tulichokitolea senti.

Vyote hivyo ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi na jumuiya zake ziko wazi pia. Ukiona dosari unaripoti, ukijua kurekebisha unatuma kiraka, yaani msimbo wa marekebisho, kama msimbo huuwezi unaandika maelezo au unajibu maswali ya wageni. Sasa naomba kuuliza humu ndani: nani amewahi kuripoti walau ishu moja, yaani taarifa ya tatizo? Sisemi kupakua, kupakua sote tunajua.

Dai langu ni kwamba hatuchangii kwa uvivu na kuzoea vya bure. Mengine yote visingizio. Anayebisha aje na hoja.

#2 Kashata_Moto

Siti ya mbele, kahawa mkononi. Mtu wa Tanga kuitwa mvivu hadharani, huu uzi haulali leo.

#3 Ngamiani_21

Mgosi, uvivu? Jana nimeshinda juu ya bati pale Duga navuta kebo, nimerudi nyumbani giza limeshaingia, mtoto anataka daftari. Saa ngapi nikae kuandika kiraka cha bure kwa ajili ya mtu aliyeko Berlin?

Na hao unaowasifu wengi wanalipwa. Gerald Combs wa Wireshark ameajiriwa miaka mingi na kampuni zinazomlipa aendeleze Wireshark ileile. Suricata, programu ya kunasa mashambulizi ya mtandao, ina shirika nyuma yake, OISF, linalochangiwa na makampuni. Sisi huku tukichangia tunalipwa ahsante. Nikifika dukani na ahsante hiyo wananipa bando?

#4 Mpiga_Pingi

Ngamiani_21, kidogo tu hapo. Combs alipoanza hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa fundi kwenye kampuni ndogo ya intaneti huko Kansas City, Marekani, akahitaji chombo cha kuchungulia pakiti (vipande vya data inayopita mtandaoni), vya kununua vikawa ghali, akaandika chake. Mwaka 1998 akakitoa kikiitwa Ethereal. Jina la Wireshark limekuja 2006 alipohama kazi, kwa sababu lile la zamani lilibaki kwa mwajiri aliyemwacha. Mshahara ulimfuata baadaye. Kwa hiyo alikuwa fundi wa mitandao kama wewe.

#5 Ngamiani_21

Kama mimi? Kansas City hakuna shangazi anayepiga simu tarehe 15 anataka ya kutolea. Endeleeni.

#6 Bi_Raskazone

Mimi siuoni uvivu wala njaa. Kiingereza cha kusoma maelezo tunacho, tumesomea. Tulichokosa ni ujasiri wa kujieleza mbele ya watu usiowajua, hadharani, na maandishi yabaki pale hata wajukuu waje wayaone.

Kuna mradi mmoja, sitautaja, niliupelekea ishu. Nikafanya kama nilivyolelewa: nikasalimu, nikajitambulisha, nikawashukuru kwa kazi yao, nikaeleza ofisi yetu inafanya nini, ndipo nikafika kwenye tatizo. Msimamizi akajibu mstari mmoja. Toleo gani, hatua za kulirudia tatizo ni zipi, kumbukumbu za programu ziko wapi. Hata karibu hakuna. Nikafunga laptopu nikaenda kukaanga samaki.

Sasa mniambie huyo mtu na mimi tulikuwa tunazungumza lugha moja?

#7 Kashata_Moto

Bi mkubwa ulitaka akuulize na wa Pangani hawajambo?

#8 Bi_Raskazone

Ndiyo nilitaka! Na mvua imenyesha?

#9 Mpiga_Pingi

Dada, ukavu ule usiuchukulie kuwa chuki. Nimekaa kwenye orodha za barua pepe za miradi kadhaa kama msomaji, hao watu kila mgeni wanamjibu hivyo, Mjerumani mwenzao, Mhindi, yeyote. Ishu zimerundikana na aliyekaa kuzipitia ni mmoja au wawili. Ukimpa toleo, mfumo endeshi, ulichofanya, ulichotarajia, kilichotokea, umemsalimu vizuri sana.

Je, ulirudi ukamjibu?

#10 Bi_Raskazone

Nilirudi. Mdogo wangu alinisukuma. Nikaweka vyote alivyotaka, akanijibu kwa mstari mwingine mmoja, dosari ikafungwa kwenye toleo lililofuata. Jina langu liko kwenye orodha ya mabadiliko. Mpaka leo hajanisalimu.

#11 Mgosi_wa_Makorora

Haya, mmoja kapatikana. Dada hongera. Wengine?

#12 Wakili_Chumbageni

Habari zenu. Mnazunguka mbuyu. Watu wanaogopa, na wana sababu ya kuogopa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Hiyo kila mtu anaijua. Wasilolijua wengi ni kwamba inagusa pia kumiliki, pasipo uhalali, kifaa au programu iliyotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya kutenda kosa. Sasa kijana wa Usagara ana Kali kwenye laptopu, ana akaunti yenye jina lake kamili GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, kaandika pale kwamba ameongeza moduli ya kuvunja kitu fulani. Akikamatwa kwa jambo jingine kabisa, hayo maandishi yatasomwa vipi na mpelelezi ambaye hajui Metasploit, programu ya kujaribu udukuzi, ni nini?

Sisemi ni kosa. Nasema mteja wangu akiniuliza, namjibu taratibu.

#13 Ngamiani_21

Kwa hiyo Nmap ni jela? Mimi ninayo hadi kwenye simu.

#14 Wakili_Chumbageni

Soma tena. Nimesema "pasipo uhalali" na "kwa ajili ya kutenda kosa". Nmap inatumiwa na mafundi dunia nzima kukagua mitandao yao wenyewe. Ukiwa na barua ya mwenye mtandao umesimama pazuri. Bila barua, hata uwe na nia ya malaika, shauri lako. Na mafundi wa mji huu barua hamuombi, mnapeana mikono tu na meneja.

#15 Ngamiani_21

Hapo umenipata lakini sitakuambia kwa nini.

#16 Mpiga_Pingi

Wakili, hoja yako ni nzito ila haielezi kila kitu. Kurekebisha maelezo ya KeePassXC au kujaribu toleo jipya la OPNsense kunamtisha nani? Hivyo navyo hatufanyi.

#17 Seva_Baridi

Mmesahau suala la kuaminiwa. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Kuna maktaba ndogo ya msimbo ya kubana mafaili inaitwa xz. Iko karibu kila Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2021 akatokea mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Anatuma viraka, viraka vizuri tu. Mwaka 2022 zikaibuka akaunti nyingine ambazo hakuna aliyezijua, zikawa zinamkandamiza Collin: mradi unakwenda polepole, ongeza msimamizi mwingine. Mzee wa watu kachoka, na alishaeleza wazi kwamba hali yake ya afya ya akili si nzuri. Mwishowe Jia Tan akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Februari na Machi 2024 yakatoka 5.6.0 na 5.6.1, ndani yake kuna mlango wa nyuma, umefichwa kwenye mafaili ya majaribio, unalenga seva za SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Kampuni moja kubwa ya usalama ikaushtukia kabla haujasambaa kwenye matoleo tulivu ya Linux.

Baada ya hapo kila mgeni anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Wewe una akaunti ya juzi, hakuna anayekujua, hujawahi kuhudhuria mkutano wao hata mmoja kwa sababu viza na nauli ni ndoto, halafu unaleta kiraka kwenye programu ya usimbaji, ya kuficha data. Ningekuwa mimi msimamizi nisingekupokea haraka. Tatizo si uvivu, Mgosi. Tumechelewa kugonga mlango, na aliyetutangulia alikuwa mwizi.

#18 Kijana_wa_Amani

Seva_Baridi simulizi safi ila si kampuni ya usalama iliyoushtukia. Ni Andres Freund, mwendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL aliyeajiriwa Microsoft. Hakuwa anatafuta mdukuzi. Alikuwa anapima kasi ya hifadhidata yake, akaona kuingia kwa SSH kunakula nguvu ya kompyuta kuliko kawaida na kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba. Tarehe 29 Machi 2024 akaweka matokeo hadharani, dosari ikapewa namba CVE-2024-3094.

Mnaona hiyo? Nusu sekunde. Huku kwetu SSH ikichelewa sekunde tano unasema mtandao wa leo una mawenge, unaendelea na maisha.

#19 Kashata_Moto

Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na SEACOM pamoja, hata Jia Tan mwenyewe angekata tamaa huku. Intaneti yetu ndiyo faiawoli namba moja.

#20 Seva_Baridi

Kijana_wa_Amani sawa, Freund. Lakini hujagusa hoja. Wageni wanashukiwa au hawashukiwi?

#21 Kijana_wa_Amani

Wanashukiwa. Lakini Jia Tan hakuwa mgeni alipofanya uovu wake, alikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kazi safi. Kwa hiyo anayeshukiwa leo ni mgeni, na mwenyeji naye. Wamekuwa wakali kwa wote: GitHub waliwalazimisha wachangiaji wa msimbo kuwa na uthibitisho wa hatua mbili mwaka 2023, miradi mingi inataka watu wawili wapitie kila badiliko. Huo ukali hauchagui Tanga wala Tokyo.

#22 Binti_wa_Chuo

Shikamooni. Mimi nasoma diploma ya TEHAMA hapa Tanga, chuo sikitaji. Nimefundishwa aina za mashambulizi, nimekariri, nimefaulu. Hakuna siku mwalimu alifungua ukurasa wa mradi tukaona watu wanavyobishana juu ya kiraka. Mpaka nasoma uzi huu sikujua kwamba mtu wa kawaida anaweza kuingia. Nilidhani zinatengenezwa na kampuni.

Swali: nisiyejua C, lugha ya kuandika programu, naanzia wapi?

#23 Mpiga_Pingi

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ni zuri kuliko majibu yote ya humu.

Nmap yenyewe inakuomba. Ukiikagulia kifaa isichokitambua, mwishoni inakutolea alama ndefu ya herufi na namba na kukuelekeza mahali pa kuituma, ukieleza kifaa ni nini. Hizo ruta za bei nafuu zilizojaa mjini hapa na kamera za Kichina za madukani Barabara ya 8, Fyodor aliyeitunga Nmap atazionea wapi kule Marekani? Huhitaji mstari hata mmoja wa C. Unahitaji kifaa unachokimiliki na ukweli kuhusu toleo lake.

ClamAV nao wanapokea sampuli za virusi na taarifa za faili salama lililosingiziwa kuwa kirusi. Flashi za steshenari zetu zina virusi ambavyo kwingine vimeshazikwa. Wireshark wanapenda mifano ya pakiti za itifaki (kanuni za mawasiliano ya mtandao) zisizo za kawaida.

Ila ukigundua dosari ya kiusalama yenyewe, tundu la mtu kuingilia, usiiandike kwenye ishu ya wazi. Tafuta faili la SECURITY kwenye mradi au anwani yao ya faragha, waandikie huko, wape muda. Kuna utaratibu wa kutunza siri mpaka kiraka kiwe tayari. Orodha ya wasambazaji wa Linux, kwa mfano, haitunzi siri zaidi ya siku 14. Project Zero, timu ya Google ya kutafuta dosari, wao kwa kawaida hutoa siku 90.

#24 Wakili_Chumbageni

Nikiongezea kwa binti: hizo pakiti za Wireshark zina mambo ya watu ndani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023. Usinase pakiti za ofisini kwa mtu ukazipeleka ughaibuni kwa jina la kuchangia. Tumia vifaa vyako nyumbani. Na ukikuta tundu kwenye mfumo wa hapa nchini, kuna TZ-CERT, kitengo cha dharura za kompyuta chini ya TCRA, hao ndio wa kuwapelekea.

#25 Ngamiani_21

Wakili kila mlango wewe uko nao unaufunga.

#26 Wakili_Chumbageni

Ninaufunga ili usiingie bila barua.

#27 Fulana_Bure

Nimepita njia tofauti. Nilianza kuchangia kwa sababu ya fulana 😅 Hacktoberfest, kampeni ya kila mwaka ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria. Enzi zile, mwezi wa Oktoba ukituma maombi kadhaa ya mabadiliko ulikuwa unapewa fulana. Tukawa tunaongeza nukta kwenye maelezo ya watu, "mradi mzuri sana", tuma.

#28 Kijana_wa_Amani

Ndiyo nyie mlioharibu! Mwaka 2020 miradi ilifurikwa na takataka za aina hiyo mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni siku chache tu tangu mwezi uanze, mradi usiojiandikisha wenyewe haukuhesabiwa tena. Msimamizi mmoja anafungua asubuhi anakuta maombi kibao ya kubadili neno moja.

#29 Fulana_Bure

Fulana ninayo lakini. Nalalia.

#30 Kijana_wa_Amani

Sasa hivi takataka zimehamia kwenye akili mnemba. Daniel Stenberg wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, tangu 2024 analalamika hadharani kuhusu ripoti za dosari zilizoandikwa na mashine: zimepambwa vizuri, Kiingereza kimenyooka, dosari yenyewe haipo. Mtu alitaka zawadi ya fedha, kamwaga ombi kwenye mashine, kanakili, katuma. Wa kuthibitisha kwamba ni uongo ni binadamu na saa zake za usiku.

Bi_Raskazone alisema tatizo ni kujieleza. Sasa kila mtu anaweza kupata Kiingereza kizuri kwa sekunde. Na hapohapo Kiingereza kizuri kimekuwa dalili ya kukushuku. Angeandika leo ripoti yake yenye salamu nusu ukurasa, nadhani wangeiamini kuliko zamani.

#31 Bi_Raskazone

Nilijua tu salamu zina faida.

#32 Mzee_wa_Posta

Vijana, nimesoma yote. Mmenirudisha mbali.

Kwanza mnasema kama vile Watanzania hatujawahi kushiriki. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi wa Kilinux, ukatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Watu walikaa kitako wakachagua istilahi moja moja. Na leo hii kuna wenzenu wa chuo hichohicho wanaofanya kazi na jumuiya ya DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, unaotumika nchini hapa. Siyo programu ya usalama, nakubali, lakini usiniambie hatujui njia.

Pili, Mgosi anasema uvivu. Uvivu huo, kama ni uvivu, ni wa dunia nzima. Mnaijua Nessus, programu ya kutafuta matundu kwenye mifumo? Renaud Deraison aliianza 1998 ikiwa huria, ikawa ndiyo kipimo cha kila mkaguzi. Mwaka 2005 kampuni yake ikaufunga msimbo kuanzia toleo la 3. Moja ya sababu alizotoa ni kwamba kwa miaka yote ile watu wa nje hawakuchangia karibu chochote kwenye injini yake, huku washindani wakiichukua na kuiuza. Hao hawakuwa watu wa Ngamiani, walikuwa Wazungu wenye umeme saa 24. Waliokasirika wakauchukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria wakaanzisha OpenVAS.

Mambo haya ni kama shughuli ya mtaani. Sufuria la pilau linazungukwa na watu watatu wenye moshi machoni, wenye sahani ni mtaa mzima.

#33 Mgosi_wa_Makorora

Shikamoo mzee. Lakini hapo si umenisaidia mimi? Wenye sahani ndio sisi.

#34 Mzee_wa_Posta

Marahaba. Nimesema wenye sahani ni mtaa mzima, na mtaa huo unaanzia Silicon Valley. Mwaka 2014 lilipotoka balaa la Heartbleed kwenye OpenSSL, maktaba ya msimbo wa usimbaji, ndipo watu wakajua kwamba programu inayolinda benki na maduka ya dunia ilikuwa na mtu mmoja tu wa kazi ya kudumu, na michango ya hisani ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yanakula humo. Ndipo Linux Foundation wakayakusanya yatoe fedha.

#35 Seva_Baridi

Heartbleed si ndiyo ile ya Debian, moja ya Linux zinazosambazwa, mtu kafuta mistari miwili?

#36 Mzee_wa_Posta

Hapana, umechanganya. Ile ya Debian ni 2008. Mtunzaji wa Debian aliondoa mistari ya OpenSSL iliyokuwa inalalamikiwa na chombo cha kukagua kumbukumbu, nia njema kabisa, tena aliuliza kwenye orodha ya barua pepe kabla. Matokeo yake funguo za usimbaji zilizozalishwa zikawa za kubahatisha kirahisi, uwezekano 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo. Ilikaa hivyo tangu Septemba 2006 mpaka Mei 2008, Luciano Bello wa Argentina alipoibaini. Heartbleed ni kosa la kutokagua urefu wa ujumbe, liliingia na toleo la 1.0.1 la Machi 2012.

Na mimi hapa natofautiana na wote. Kwenye programu za usalama si kila mchango ni baraka. Kiraka kibaya kwenye programu ya kuchezea muziki kinakata muziki. Kwenye usimbaji kinafungua milango ya dunia na hakuna anayesikia kelele. Labda kijana wa Tanga anayesita kugusa msimbo asiouelewa anafanya jambo la busara.

#37 Mpiga_Pingi

Mzee, heshima yako, ila hapo sikubali. Aliyefuta ile mistari hakuwa mgeni, alikuwa mtunzaji mwenye uzoefu, na aliuliza. Kilichokosekana ni wa kumjibu vizuri. Na waliosoma msimbo kwa miezi 20 bila kuona ni wengi mno. Wangeongezeka wasomaji wa kuuliza maswali ya kijinga, pengine angepatikana mmoja mapema.

#38 Mzee_wa_Posta

Pengine. Eric Raymond, mtetezi wa programu huria, alituahidi kwamba macho yakiwa mengi dosari zitakosa pa kujificha. Heartbleed ilikaa miaka miwili mbele ya macho hayo. Macho yapo, yanaangalia kwingine.

#39 Mwambao_Bagamoyo

Nawasoma kutoka Bagamoyo. Huku kwetu tuko kimya kwa sababu tuko kazini, tofauti na nyie Wagosi wa Kaya mnaochangia maneno.

#40 Kashata_Moto

Bagamoyo mna kazi gani zaidi ya kupiga picha Kaole na watalii? Leta jina la mradi mliochangia.

#41 Mwambao_Bagamoyo

Nilituma tafsiri ya sehemu ya programu ya nywila. Ikakaa bila kupitiwa kwa sababu hakuna Mswahili mwingine wa kuthibitisha kwamba sijaandika matusi. Wakanijibu kwa adabu kabisa: tafuta mwenzako wa kukupitia. Mwenzangu sikumpata.

Kwa hiyo mimi naongeza sababu nyingine juu ya rundo lenu: upweke. Mmoja mmoja hatupitishi kitu. Mjerumani akituma, kuna Wajerumani kumi wa kumkosoa.

#42 Bi_Raskazone

Kaka hilo ndilo la kweli kuliko yote. Nitumie hiyo tafsiri, mimi nitaipitia. Na nitakusalimu kwanza.

#43 Ngamiani_21

Uzi umekuwa wa posa sasa 😂

#44 Binti_wa_Chuo

Basi tukutane, wote walioko mjini. Jumamosi jioni, kila mtu na laptopu na kifaa kimoja chake ambacho Nmap haikitambui. Forodhani pana upepo.

#45 Ngamiani_21

Upepo upo, soketi hakuna. Njooni Ngamiani kwangu, nina betri na inveta. Pweza mtanunua wenyewe.

#46 Fulana_Bure

Kutakuwa na fulana?

#47 Mgosi_wa_Makorora

Jumamosi Coastal wako Mkwakwani. Isogezeni Jumapili.

#48 Kashata_Moto

Aliyeanzisha uzi wa uvivu ndiye wa kwanza kuomba udhuru. Mods msifute hii.

#49 Mgosi_wa_Makorora

Nasema bado ni uvivu. Njaa ya Ngamiani_21 naielewa, woga wa Wakili nauelewa, upweke wa jirani yetu wa Bagamoyo sikuuwazia kabla. Ila kutuma ile alama ya Nmap hakutaki viza, wakili wala mwenzako. Nmap ipo tangu 1997. Tumekuwa tukiona yale maandishi ya kuomba msaada mwisho wa skrini miaka yote na tunayafuta na "clear".

#50 Wakili_Chumbageni

Kwenye mtandao wako mwenyewe.

#51 Mgosi_wa_Makorora

Kwenye mtandao wangu mwenyewe, wakili.

#52 Binti_wa_Chuo

Nimejaribu usiku huu kwenye ruta ya nyumbani. Imetoa alama kweli. Inauliza toleo la programu ya ndani ya ruta, kibandiko cha chini kimefutika, na ukurasa wa mipangilio mjomba kauwekea nywila haikumbuki. Nafanyaje?

#53 Mpiga_Pingi

Usikisie. Wakipewa jina la kubahatisha wanaharibikiwa hifadhidata. Kuna kitufe cha kuirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, kabonyeze kwa pini, utaingia kwa nywila iliyoko kwenye kijitabu chake, utaona toleo. Ila mwambie mjomba kabla, intaneti itakata na mipangilio yake yote itafutika.

#54 Binti_wa_Chuo

Mjomba anaangalia mpira. Nasubiri dakika tisini.

#55 Mteja_Mpya88

Habari wakuu, mimi mgeni humu. Nimesoma kote. Hiyo Nmap inaweza kunipa nywila ya WiFi ya jirani? Yeye yuko Dar wiki nzima hatumii.

#56 Ngamiani_21

Wakili, mteja wako amefika.